Ziwa Chungu: Historia Fupi ya Njia Ikifungwa

Jumatatu, tarehe 5 Juni 1967, meli 14 za mizigo zilikuwa ndani ya Mfereji wa Suez zikielekea kaskazini, zimefuatana moja nyuma ya nyingine kama matatu kwenye foleni ya Mombasa Road. Ndege za kivita zikapita juu yao. Vita kati ya Israeli na majirani zake Waarabu vilikuwa vimeanza asubuhi hiyo. Meli zikaamriwa kutia nanga katika ziwa kubwa lililo katikati ya mfereji, ziwa ambalo Waarabu huliita chungu kwa sababu ya chumvi yake. Mabaharia wakaambiwa wasubiri kidogo.

Walisubiri miaka minane.

Vita vyenyewe viliisha kwa siku sita, lakini mfereji ukageuka mpaka. Jeshi la Israeli likakaa ukingo wa mashariki, la Misri ukingo wa magharibi. Misri ilizamisha vyombo ili kuziba njia na mabomu yakategwa majini. Meli nyingine moja, ya Marekani, ilinaswa peke yake katika Ziwa Timsah, upande wa kaskazini. Zile 14 zilikuwa za mataifa manane: Uingereza nne, Ujerumani Magharibi mbili, Uswidi mbili, Poland mbili, na moja moja kutoka Ufaransa, Marekani, Bulgaria na Chekoslovakia. Wakati huo dunia ilikuwa imegawanyika kati ya Mashariki na Magharibi, lakini pale ziwani wakomunisti na mabepari walicheza mpira pamoja kwenye sitaha ya meli ya Kiingereza, wakatazama sinema kwenye meli ya Bulgaria, wakasali kwenye meli ya Kijerumani na kuogelea kwenye bwawa la meli ya Uswidi. Waliunda chama chao. Walichapisha stempu zao wenyewe. Mwaka wa 1968, Olimpiki ikifanyika Mexico, na wao wakaandaa yao. Mchanga wa jangwani ukazifunika meli hizo mpaka watu wakaanza kuziita Meli za Manjano.

Ni hadithi tamu, na kila anayeandika kuhusu Suez huisimulia. Mimi huipenda pia. Lakini nikiisoma huwa nawaza kuhusu meli nyingine, zile mamia ambazo hazikunaswa. Zilienda wapi? Na nani alilipa? Nadhani hapo ndipo lilipo jibu la swali ambalo kila mtu aliyeagiza mzigo kutoka Uchina mwanzoni mwa 2024 alijiuliza: kama meli kutoka Guangzhou hadi Mombasa haipiti Yemeni wala Suez, kwa nini vita vya Yemeni vinipandishie bei mimi?

*

Kwanza tukubali kwamba mfereji huu si habari ya watu wengine. Kwa namna fulani, Kenya kama nchi ni mtoto wake.

Kwa karne nyingi pwani yetu iliishi kwa ratiba ya upepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi kuanzia Desemba hivi. Kusi iliyarudisha kuanzia Aprili. Ukichelewa kupakia, unangoja msimu mwingine. Halafu Aprili 1498 Vasco da Gama akafika Malindi baada ya kuizunguka Afrika nzima kupitia Rasi ya Tumaini Jema, akapewa rubani wa kumvusha hadi India. Wareno wakaitaka njia hiyo iwe yao peke yao. Fort Jesus, ambayo ilianza kujengwa mwaka wa 1593, ipo pale Mombasa kwa sababu ya njia ya meli. Waliijenga kulinda foleni.

Mfereji wa Suez ulifunguliwa tarehe 17 Novemba 1869. Ghafla safari ya Ulaya kuja Bahari ya Hindi haikuhitaji tena kuizunguka Afrika. Meli za mvuke, ambazo zilihitaji makaa ya mawe kila baada ya siku chache, sasa zingeweza kupita Bahari ya Shamu na kujazia Aden. Mwaka wa 1872 kampuni ya British India ya Mskoti William Mackinnon ilipata kandarasi ya kupeleka barua kati ya Aden na Zanzibar. Mwenye meli akaanza kuzoea pwani. Alipoizoea, akaanza kuitamani bara. Mwaka wa 1888 Mackinnon huyohuyo alipata hati ya kifalme ya kuanzisha kampuni ya IBEA, iliyotawala sehemu kubwa ya hii nchi tunayoiita Kenya hadi serikali ya Uingereza ilipoichukua mwaka wa 1895.

Yaani tulitawaliwa kwanza na mtu wa meli. Shuleni tulikariri IBEA na tarehe zake, lakini sikumbuki tukiambiwa kwamba nyuma yake kulikuwa na ratiba ya meli za barua.

*

Kwa hivyo mfereji ulipofungwa mwaka wa 1967, ilikuwa kama historia imerudishwa nyuma miaka mia moja. Chai, kahawa, mkonge na pareto ya Kenya iliyokuwa ikienda London au Hamburg ilibidi ishuke kusini, ipite Durban na Cape Town, ipande tena Atlantiki yote. Mitambo na vipuri vilivyokuwa vikija huku navyo vikachukua njia hiyohiyo. Safari iliongezeka kwa maelfu ya kilomita. Aden, iliyokuwa miongoni mwa bandari zilizouza mafuta kwa meli nyingi zaidi duniani, ikabaki kimya. Bandari za Afrika Kusini zikajaa. Hapo kuna kejeli chungu. Serikali za Afrika Mashariki zilikuwa zikiususia utawala wa makaburu, lakini mazao yetu yalilazimika kupita mlangoni kwao, kwenye meli zilizonunua mafuta na maji kwao.

Makampuni ya meli hayakunyamaza na hasara. Njia nyingi za wakati huo zilidhibitiwa na miungano ya makampuni ambayo yalikaa pamoja na kupanga nauli ya mizigo. Mfereji ulipofungwa, wakaongeza ada ya ziada. Mkulima wa Kericho hakuwa na kiti kwenye kikao hicho, wala serikali yake haikuwa na usemi mkubwa pale.

Miaka mingi baadaye mwanauchumi James Feyrer aliitumia kufungwa huku kama jaribio ambalo hakuna mtu angethubutu kulifanya makusudi: chukua ramani ya dunia, irefushe safari ya nchi fulani ghafla, iache hivyo miaka minane, halafu ifupishe tena. Alichokiona ni kwamba nchi ambazo safari zao zilirefuka zilipoteza biashara, na zilizopoteza biashara zikapoteza mapato. Umbali ni gharama, na aliye mbali na wanunuzi huilipa kila siku hata wakati hakuna vita.

*

Sasa turudi kwa lile swali la Guangzhou. Ili kulijibu, tuache bahari kidogo tupande matatu.

Chukua matatu 10 zinazofanya Rongai. Kila moja inachukua dakika 100 kwenda tao, kushusha, kupakia na kurudi. Kwa hivyo stejini kunatoka gari moja kila baada ya dakika 10, na watu hawalalamiki sana. Siku moja barabara inafungwa, magari yanazungushwa, na mzunguko sasa ni dakika 140. Hakuna gari lililoharibika. Hakuna dereva aliyegoma. Magari bado ni 10. Lakini sasa linatoka moja kila baada ya dakika 14, na steji imejaa watu. Ukitaka huduma ya zamani unahitaji magari 14. Hayo manne utayatoa wapi? Tusahau kidogo mambo ya sacco: utayatoa njia nyingine, tuseme Kikuyu, kwa kuwalipa wenyewe zaidi. Abiria wa Kikuyu hajui chochote kuhusu barabara ya Rongai. Anachojua ni kwamba magari yamepungua na nauli imeongezwa mbao.

Wewe uliyeagiza mzigo Guangzhou ndiye abiria wa Kikuyu.

Meli za makontena hufanya kazi hivyohivyo. Huduma kati ya Asia ya Mashariki na Ulaya Kaskazini kwa kawaida huwa na meli moja inayoondoka kila wiki. Kama kwenda na kurudi ni wiki 12, unahitaji meli 12. Ukizunguka Rasi ya Tumaini Jema badala ya kukata Suez, kila upande unaongezeka siku 10 au zaidi. Sasa unahitaji meli 14 au 15 kufanya kazi ileile. Zidisha hiyo kwa huduma zote zinazopita Suez na utaelewa kwa nini meli zinaweza kuadimika bila hata moja kuzama. Na si meli tu. Kontena lililojaa linalochelewa wiki mbili kufika ni kontena tupu linalochelewa wiki mbili kurudi. Kiwanda cha Guangdong kinakosa la kupakia, ingawa makontena yapo, yanaelea tu mahali pasipohitajika.

Wafanyabiashara wa meli huuza nafasi. Meli na chuma chake ni vyombo tu vya kuibeba. Na nafasi ina tabia moja mbaya: haiwekeki ghalani. Meli ikiondoka nusu tupu, ile nusu imepotea milele. Ikijaa kabla mzigo wako haujapanda, hakuna pesa itakayoirefusha. Ndiyo maana bei ya nafasi huruka juu au kuanguka chini kwa kasi ambayo bei ya unga haiwezi.

*

Tabia ya pili ya nafasi ni kwamba huchelewa. Hapa ndipo miaka ya 1967 hadi 1975 inafundisha kitu ambacho naona tumekisahau.

Mfereji wa zamani haukuweza kupitisha meli kubwa sana za mafuta. Njia ya Suez ilipokufa, kikwazo hicho kikaondoka, kwa sababu Rasi ya Tumaini Jema haina kina cha kukuzuia. Kama lazima uzunguke, basi zunguka na meli kubwa kabisa. Tayari mwaka wa 1966 Wajapani walikuwa wameunda Idemitsu Maru, yenye uwezo wa tani zaidi ya 200,000. Mwaka wa 1968 ikaja Universe Ireland, zaidi ya tani 300,000. Nauli za mafuta zilikuwa juu, benki zikakopesha, na kila mwenye meli akaagiza nyingine kubwa zaidi. Lakini meli haiundwi kama mandazi. Kati ya kuweka oda na kuipokea hupita miaka miwili, mitatu.

Oktoba 1973 vita vikazuka tena, Waarabu wakakata mafuta, na bei ya pipa ikapanda takriban mara nne ndani ya miezi michache. Dunia ikapunguza kununua. Halafu tarehe 5 Juni 1975, miaka minane kamili tangu ufungwe, Rais Anwar Sadat akaufungua mfereji. Safari ikafupika wakati ambapo mzigo umepungua na meli zilizoagizwa wakati wa njaa ndiyo kwanza zinateremshwa majini. Meli za mafuta zikaegeshwa kwa makundi katika fiodi za Norway bila kazi. Ufaransa iliunda meli za mafuta za zaidi ya tani 550,000, miongoni mwa vyombo vikubwa zaidi kuwahi kuelea. Mojawapo, Pierre Guillaumat, ilikamilika mwaka wa 1977 na kuuzwa kama vyuma chakavu mwaka wa 1983. Miaka sita! Kuna Probox hapa Nairobi zimefanya kazi mara tatu ya hiyo.

Meli mbili za Kijerumani zilizonaswa ziwani ndizo pekee zilizorudi nyumbani kwa nguvu ya injini zake zenyewe. Ziliingia Hamburg Mei 1975 na maelfu ya watu walijitokeza kuzishangilia. Safari ya Münsterland ilikuwa imechukua miaka minane, miezi mitatu na siku tano.

*

Tarehe 23 Machi 2021 wengi wetu tulijua Suez iko wapi kwa sababu ya meme. Ever Given, meli ya urefu wa mita 400 yenye nafasi ya makontena zaidi ya 20,000, ililala mtamboni, puani ukingo mmoja na nyuma ukingo mwingine, na tingatinga dogo likaonekana likichimba mchanga chini yake. Tulicheka kwa siku sita. Meli zaidi ya 400 zilikuwa zikingoja. Ilipochomolewa, Misri iliishikilia mpaka Julai kwa ajili ya fidia. Unajua iliegeshwa wapi? Ziwa Chungu.

Lakini wakati ule Ever Given ilikuwa kidonda juu ya kidonda. Korona ilikuwa imeshavuruga kila kitu. Watu waliofungiwa nyumbani huko Marekani na Ulaya waliacha kununua tiketi wakanunua vitu, viti, skrini, baiskeli za mazoezi. Bandari zikakosa wafanyakazi. Mwishoni mwa 2020 mabaharia takriban 400,000 walikuwa wamekwama melini, mikataba imeisha, hakuna nchi iliyotaka washuke. Kabla ya korona, bei ya wastani ya kusafirisha kontena la futi 40 katika njia kubwa za dunia ilikuwa kama dola 1,400. Septemba 2021 ilipita dola 10,000. Mzigo wa mtu wa Nyamakima anayegawana kontena na wenzake ulikuwa kwenye hesabu hiyo pia.

Makampuni ya meli yalipata faida ambayo hayakuwahi kuiona. Maersk peke yake ilipata karibu dola bilioni 29 mwaka wa 2022. Na wakafanya nini? Kile kile cha 1970. Wakaagiza meli. Zilipoanza kufika mwaka wa 2023, kiu ya dunia ilikuwa imeisha na bei imerudi chini. Fiodi za Norway zilikuwa zinanukia.

Halafu tarehe 19 Novemba 2023 wapiganaji wa Houthi wa Yemeni walishuka kwa helikopta juu ya sitaha ya Galaxy Leader. Walisema wanafanya hivyo kwa ajili ya Gaza. Mabaharia wake 25, ambao hawakuwa na neno lolote katika vita hivyo, walishikiliwa hadi Januari 2025. Machi 2024 kombora liliua mabaharia watatu wa True Confidence. Makampuni makubwa yakakimbia Bab el-Mandeb, jina ambalo kwa Kiarabu ni mlango wa machozi, na kurudi njia ya Vasco da Gama. Kufikia katikati ya 2024 tani zilizopita Suez zilikuwa zimepungua kwa takriban asilimia 70. Meli zote zile mpya, zilizoonekana za ziada, zikapata kazi ya kuzunguka. Julai 2024 kontena lile la futi 40 lilikuwa karibu dola 5,900.

Hata intaneti yetu iliguswa. Februari 2024 meli Rubymar ilipigwa, ikaachwa ikielea na kuburuta nanga. Nyaya kadhaa za chini ya bahari zilikatika siku hizo, ikiwemo ya Seacom, ambayo inashuka Mombasa, na nanga hiyo ndiyo iliyoshukiwa. Bando lako liliposota wiki ile, pengine lilikuwa limekanyagwa na nanga.

*

Nimekulia Likoni. Pale feri husubiri meli ipite, na ukiwa umebanwa katikati ya mikokoteni na watu unapata muda wa kusoma nyuma ya meli, mahali jina la bandari yake ya nyumbani lilipoandikwa. Monrovia. Panama. Majuro. Valletta. Nyumbani kwa karatasi tu. Wenyewe wako Geneva, Copenhagen, Marseille, Hamburg, Shanghai. Leo makampuni 10 makubwa yanashika zaidi ya asilimia 80 ya nafasi yote ya makontena duniani.

Sikuwahi kuona nyuma ya meli kubwa pameandikwa Mombasa. Kuna wakati tulijaribu. Mwaka wa 1966, mwaka mmoja kabla ya mfereji kufungwa, Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilianzisha kampuni ya pamoja ya meli, Eastern Africa National Shipping Line. Viongozi wa wakati ule waliona kwamba uhuru usio na meli una tundu. Lakini kampuni hiyo haikuvuka muongo wa 1980, na Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ilikuwa imeshavunjika mwaka wa 1977. Mwaka wa 1987 Kenya ikaunda kampuni yake ya taifa, ambayo imeishi zaidi kwa kukodi nafasi katika meli za wengine.

Sisemi tukimbilie kununua meli. Historia ya zile za Ufaransa inatosha kumtisha mtu yeyote. Bendera ya taifa kwenye bomba la moshi haishushi nauli, na kampuni ya umma yenye meli tatu haiwezi kupigana na yenye meli mia saba. Ninachosema ni kwamba mjadala wetu kuhusu bandari huishia ufukweni. Tunabishana kuhusu gati, kreni, SGR, nani apewe, nani anyimwe. Hayo yana maana. Lakini gati ni steji. Unaweza kuwa na steji safi kuliko zote mjini na bado ukalala hapo kama matatu hazijapangiwa kuja kwako.

Na mara nyingi hazijapangiwa kwanza. Meli kubwa kabisa za njia ya Asia na Ulaya hazifiki Mombasa. Mizigo yetu mingi huja au hutoka kwa meli ndogo kupitia bandari kama Salalah, Jebel Ali au Colombo, ikahamishiwa huko. Nafasi ikiwa tele, mpango huu hauna shida. Nafasi ikibana, mwenye meli hupeleka chuma chake palipo na nauli nono, na njia ndogo ndizo za kwanza kupunguziwa. Parachichi la Murang'a haliwezi kungoja zamu. Likizungushwa Rasi kwenda Ulaya, linakula siku zake zote za ubaridi baharini, na likifika limelainika mnunuzi anakata bei au analikataa. Hasara hiyo hairudi kwa mwenye meli. Inarudi Murang'a.

Kisha kuna jambo la mwisho ambalo kila mama mboga analijua bila kusoma historia: bei ya dukani hupanda kwa boda, hushuka kwa miguu. Mfereji ukifunguliwa na nauli ikianguka, muuzaji bado ana stoo ya mzigo aliouleta kwa nauli ya juu, na hawezi kuuza kwa hasara ili kufurahisha grafu.

Kwa hivyo nikisikia mlango fulani wa bahari umefungwa, iwe ni kwa vita, kwa ukame kama ule uliokausha Mfereji wa Panama mwaka wa 2023, au kwa meli moja iliyolala vibaya, sianzi kwa kuangalia kama mzigo wangu unapita hapo. Nahesabu siku ambazo safari imeongezeka. Naangalia meli za ziada zitatolewa njia gani. Halafu najiuliza nani anaagiza meli mpya leo, kwa sababu zitafika baada ya miaka mitatu, na siku hiyo nauli itakuwa chini kwa miezi kadhaa. Hapo ndipo mfanyabiashara mdogo, na pia nchi ndogo, inapaswa kuwa na mkataba wa muda mrefu mkononi tayari kusaini, kabla njia nyingine haijafungwa.